Mkulima wa Vitunguu na Petroli ya Bei ya Juu

Mtu mmoja alikuwa na shamba la vitunguu kando ya mto, pampu ndogo ya kulimwagilia, na mke. Yeye aliitwa Mbonea. Mkewe alikuwa Nakijwa, lakini tangu walipojaliwa binti yao Nanzia, ambaye sasa ameolewa mbali, kila mtu alimwita Mama Nanzia, na mumewe vilevile. Mbonea alimpenda mkewe kuliko shamba na pampu. Kama mtu angemwuliza, angekasirika kwa kuulizwa jambo lililo wazi namna hiyo. Ila jambo hilo lilikuwa wazi moyoni mwake tu. Mdomoni halikuwahi kufika.

Alikuwa mtu mwema, na hilo lisemwe mapema, maana wako watakaomcheka kabla hatujafika mbali. Kumcheka ni ruhusa, kumdharau siyo. Hakunywa, hakupiga, hakutangatanga. Tatizo lake lilikuwa imani moja tu, kwamba upendo hupimwa kwa bei. Akiingia dukani hakuuliza kipi kinafaa. Aliuliza kipi ni ghali kuliko vyote, akachukua hicho, akatoka kifua mbele. "Rahisi huvunja upishi," alipenda kusema, hata kwa watu wasiomwuliza. Khanga za mkewe zilikuwa za kwanza kufunguliwa kila mzigo mpya ulipofika sokoni. Godoro lao lilikuwa nene hivi kwamba mtu mfupi alilazimika kulipanda. Mchele wao ulisafiri kutoka mikoa ya mbali, na huku majirani wanavuna mpunga mzuri umbali wa kelele ya jogoo.

Akishakileta kitu nyumbani na kukiweka mezani, kazi ya kupenda ilikuwa imekwisha kwa siku ile. Alifungua redio, akanyoosha miguu, akasinzia. Mkewe akianza kumsimulia jambo, aliitikia "Ee" panapostahili na pasipostahili. Siku moja alisema "Ee, vizuri sana" alipoambiwa kwamba mbuzi mwenye mimba amekufa. Mama Nanzia alimtazama, akacheka kidogo, akaenda kumfukia mbuzi.

Huyo Mama Nanzia ndiye aliyeilea pampu. Injini yake ilikuwa ya zamani, ya aina ile isiyo na mahali pake pa kutilia oili. Petroli yake sharti ichanganywe kwanza na oili kidogo, ndipo vyuma vya ndani vipate kuteleza, na kwa sababu hiyo hutoa moshi wa buluu wakati wote inapofanya kazi. Mbonea alinunua petroli, akaileta, akaenda zake. Mkewe aliichanganya jikoni kwenye dumu, akipima oili kwa kifuniko cha dawa ya kikohozi, akalitikisa dumu kama anayetikisa maziwa, kisha akaenda kulisha mashine. Mbonea alimwona akifanya hivyo miaka mingi, na hakuuliza hata mara moja.

Hakuuliza kwa sababu alidhani anajua. Watu wote wa pande zile wanawajua wauzaji wasio na Mungu, wanaochakachua petroli kwa kutia ndani yake kitu cha bei ya chini ili iwe nyingi. Mbonea aliamini kwamba mkewe, kwa huruma ya kubana matumizi, anaichakachua petroli ya nyumbani ili ifike mwisho wa juma. Ule moshi wa buluu ulimwaibisha mbele ya wenye pampu mpya. Lakini alimsamehe mkewe kimyakimya, na akajiona mume mvumilivu.

Ikatokea kwamba mama yake Nakijwa akafariki, huko mlimani alikozaliwa. Mbonea alipanda mlima na fahari yake yote. Alitoa dume la ng'ombe mwenye nundu, mkubwa kuliko wote waliochinjwa msibani. Jeneza lilikuwa la mninga, na vishikio vyake vya shaba viling'aa hata wabebaji wakaogopa kuvichafua. Watu walisema, mkwe ni huyu. Kesho yake, kabla udongo wa kaburi haujakauka, aliaga na kuteremka, kwa sababu vitunguu vilikuwa vinataka maji. Hakukaa matanga. Mkewe alibaki amekaa mkekani na ndugu zake, na kila mgeni aliyeingia alimwuliza mumewe yuko wapi, naye akajibu kwamba ana kazi.

Matanga yakaanuliwa. Arobaini ikapita. Mama Nanzia hakurudi.

Hakutuma lawama yoyote. Mbonea alipopiga simu, alisema kwa sauti ya upole, "Nipo tu, Baba Nanzia. Bado nipo nipo." Neno hilo lilimtisha kuliko matusi. Angekuwa amempiga, wazee wangekaa, kosa lingetajwa, faini ingekatwa, na yeye angechagua kulipa iliyo kubwa kuliko zote. Lakini hapakuwa na ugomvi, kwa hiyo hapakuwa na kesi, na bila kesi mtu hajui apeleke nini kwa wakwe. Akapeleka alichokijua. Alituma blanketi zito, akatuma gunia la ule mchele wa mbali, akatuma simu mpya yenye kioo kipana. Kila mara mkewe alishukuru vizuri, na kila mara hakurudi. Jioni Mbonea alifungua redio, akasikia kwamba inasema peke yake, akaizima. Aliogopa. Tuseme ukweli ulivyo: mtu mzima yule, mwenye mvi na shamba, alikaa juu ya godoro lake nene akaogopa kwamba mkewe hatarudi tena, na hakujua amekosa nini.

Petroli aliyoiacha mkewe imechanganywa jikoni ilipoisha, ilimbidi aandae ya pampu mwenyewe. Basi akaenda barabara kuu, kwenye kituo kipya cha mafuta, ambako kulikuwa na mipira miwili: mmoja wa petroli ya kawaida, na mwingine wa petroli ya bei ya juu. Juu yake lilibandikwa tangazo kubwa kwamba hii husafisha injini na kuipa nguvu. Binti wa pale, mwenye kofia, akamwuliza anataka ipi. Kisha akaona kidumu chake, akaona alivyovaa, akamshauri kwa adabu, "Mzee, kama ni ya pampu, hii ya kawaida inatosha." Mbonea alikaribia kukasirika. Akajibu kwamba injini yake imekula uchafu miaka mingi, na leo itakula kama mtoto wa watu. Akajaziwa ile ya bei ya juu.

Nyumbani aliiona chupa ya oili ya mkewe juu ya rafu, nyeusi, imenata vumbi, na kifuniko cha dawa ya kikohozi kimeketi juu yake. Akaisogeza kando kwa kidole kimoja. Akamimina petroli yake safi, kama ilivyotoka kituoni, akavuta kamba.

Na pampu ilifanya kazi! Msidhani ilikataa. Ilinguruma vizuri kuliko siku zote, na haikutoa moshi hata kidogo. Maji yalitoka kwa nguvu, yakakimbia kwenye majaruba. Kiondo, jirani wa shamba la chini, alikuja kusimama ukingoni amejishika kiuno, akauliza kama hiyo ni pampu ileile au Mbonea ameoa nyingine. Mbonea alieleza habari za mpira wa pili na tangazo. Alieleza kwa urefu. Moyoni alisema, Mama Nanzia angekuwapo aone jinsi mashine inavyotunzwa na mtu anayeijali. Machozi yalimlengalenga, akasingizia jua.

Kisha sauti ikapanda ikawa nyembamba. Bomba likatoa harufu ya chuma kilichoungua. Injini ikapiga kelele moja fupi, ikanyamaza. Mbonea alivuta kamba, kamba haikuja. Akaweka mguu, akavuta kwa mwili mzima, na kamba ilikuwa imara kama imefungwa kwenye mwamba. Kiondo aliinama akagusa, akarudisha mkono haraka. "Imenoki," alisema, akaondoka taratibu, maana hakuna la kumwambia mtu katika hali ile.

Vitunguu vilikuwa ndio kwanza vinatunga. Wanaovilima wanajua kwamba huo ndio wakati usioombewa samahani. Vikikosa maji hapo, hubaki vidogo kama vya kuchezea watoto. Mbonea alichota kwa ndoo mpaka mgongo ukagoma. Akatazama ncha za majani zikianza kuwa njano. Fundi wa karibu alikuwa mjini, na aliyeyajua maradhi ya injini ile duniani alikuwa mtu mmoja tu.

Akaifunga pampu kwenye keria ya baiskeli, akaanza kuisukuma mlimani. Njiani alipita maduka, na kila duka lilimtazama. Hakuna mkwe anayekwenda ukweni mikono mitupu, na yeye alikuwa anakwenda na chuma kilichokufa. Alisimama mbele ya duka moja muda mrefu. Lakini baiskeli ilikuwa imelemewa, hapakuwa na nafasi ya kitu kingine, na aliogopa akiiegesha haitasimama. Akaendelea kusukuma. Moyoni alijua kwamba pampu ni sababu, na kwamba angepanda mlima ule hata kwa msumari uliopinda, ilimradi apate la kusema atakapofika.

Shemeji yake Eliamani alimpokea langoni, akatazama keria, akauma mdomo ili asicheke. Mama Nanzia alitoka jikoni na upawa mkononi. Alikuwa amekonda. Mbonea aliliona hilo, na lilimchoma, kwa kuwa alikuwa ametuma chakula kingi.

"Imekufa," alisema.

Mama Nanzia aliweka upawa, akachuchumaa, akafungua mfuniko wa tangi, akanusa. Akanusa tena. Akachovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba, akaona kwamba hakitelezi. Ndipo alipoinua uso akamtazama mumewe, wala si kwa hasira.

"Baba Nanzia, umeipa petroli nzuri hivi, ya kulainishia je?"

"Nilidhani unachakachua," Mbonea alisema.

Mama Nanzia aliketi chini kabisa, vumbini, akacheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu; Eliamani naye akaachia; mbuzi waliofungwa zizini wakageuka kuangalia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu mazishi. Na kama iendavyo kwa waliofiwa, kicheko kikafika mahali kikageuka, na mama mtu mzima yule akalia kwa sauti, mkono mmoja ukiwa bado juu ya tangi. Mbonea alisimama. Mikono yake ilitafuta kitu cha kutoa. Ilipapasa mfuko, ikakuta hamna. Akachuchumaa naye, akabaki hivyo, hajui la kufanya, ila hakuondoka.

Alipofuta uso, mkewe aliifungua plagi, akaomba oili kwa kaka yake, akaidondosha kidogo kidogo kupitia kitundu chake mpaka ikazama. Mbonea akashika kamba, maana vitunguu vilikuwa vinakauka huko chini. Mkewe akamshika mkono. Alisema injini iliyojikaza hivi ukiivuta kwa nguvu utaiua kabisa. Iachwe inywe. Kesho itajaribiwa, tena polepole.

Kwa hiyo Mbonea, kwa kukosa pa kwenda, alikaa. Wakawekewa mkeka ukutani, palepale walipokaa waombolezaji. Hapakuwa na redio. Kila alipotaka kuleta habari za bei ya vitunguu, aliona aibu. Alitazama kaburi la mkwewe ng'ambo ya migomba. Nyasi zilikuwa zimekwisha kuota juu yake. Akagundua kwamba hajui yule bibi alikufaje. Alijua uzito wa ng'ombe, alijua mti wa jeneza na mahali vilikonunuliwa vishikio vya shaba, lakini hilo hakulijua.

Basi akauliza, kwa sauti ya mtu anayejaribu ufunguo asiouzoea, "Ilikuwaje?"

Mama Nanzia aligeuka kumtazama kama aliyesikia jina lake likiitwa kutoka mbali. Akaanza kusimulia. Alisimulia jinsi mama alivyokataa uji akataka ndizi za kuchoma, akala kipande kimoja, akasema hazijaiva. Alisimulia walivyomgeuza kitandani, na jinsi mama alivyomwomba msamaha kwa kofi moja la zamani ambalo yeye mwenyewe alikuwa ameshalisahau. Alisimulia kwamba mama alimuulizia Mbonea, mkwe wake mkarimu, akasema, mwambieni aje aketi, akifika asilete kitu. Hapo Mbonea aliinamisha kichwa. Aliitikia "Ee," na safari hii lilikuwa mahali pake.

Asubuhi Eliamani aliivuta kamba polepole, na kamba ikaja. Injini ikazunguka. Ilikuwa na mkwaruzo ndani, ilisikika, na tangu siku ile haikupata tena nguvu zake zote. Lakini ilizunguka. Mama Nanzia akaichanganyia mafuta yake kama kawaida, ikawaka na moshi wake wa buluu. Eliamani akaifunga kwenye keria, akamwambia shemeji yake aende haraka, jua halijawa kali, na majaruba ya juu bado yanaweza kuokolewa.

Mbonea akashika usukani wa baiskeli. Aliona kwa macho ya moyo majani ya njano, mstari baada ya mstari, na mavuno ya mwaka mzima. Kisha akamwona mkewe amesimama mlangoni, mikono ameikunja, uso umetulia kwa namna ile ya mtu aliyekwisha kujizoeza kuagwa. Na hadithi ya mama haikuwa imefika mwisho. Jana walikatizwa na wageni, wakaishia pale mama alipoomba dirisha lifunguliwe.

Akaiegesha baiskeli ukutani. Akarudi mkekani, akaketi, akapapasa nafasi iliyo kando yake.

"Alipofunguliwa dirisha," alisema, "akasemaje?"

Walikaa mpaka jua likawa juu ya vichwa. Aliambiwa yote, na mengine yasiyohusu kifo: yale ya miaka mingi, ya mbuzi, ya goti linalomuuma akipanda ngazi ya ghala, ya jioni ambazo alisema na ukuta. Mengine yaliuma kuyasikia, naye akayasikia. Alipomaliza, Mama Nanzia aliinuka, akaingia ndani. Mbonea alidhani amekwenda kupika. Mkewe alitoka na kikapu chake cha safari kichwani, akamuaga kaka yake, akatangulia njiani. Mumewe ilibidi akimbie na baiskeli ili amfikie.

Majaruba ya juu yalikauka mwaka ule, yale ya chini yakapona. Kiondo alimpa pole, akashangaa kumwona mtu aliyepoteza nusu ya shamba anatembea kandokando ya mkewe, anamuuliza habari za goti.

Sasa msitoke hapa mkasema kwamba petroli ile ilikuwa mbaya. Ilikuwa nzuri, na ziko injini zilizoundwa kwa ajili yake, zinazostahili kila senti. Wala msiseme zawadi hazifai. Wapelekeeni watu wenu khanga, wapelekeeni mchele, na Mungu awazidishie. Ila niulize hili, nanyi mjibu mkifika nyumbani, kila mtu mbele ya yule anayempenda: ni lini mara ya mwisho ulimwuliza "Ilikuwaje?", ukakaa mpaka akamaliza?